Anayechota maji ndiye anayekunywa mwisho

Mtu akipokea taarifa ya msiba, akaishiwa nguvu na kukaa chini, sauti ya kwanza kusikika nyumbani mara nyingi ni ya mtu mzima akiagiza: "Mleteeni maji ya kunywa." Hakuna anayeuliza sababu. Kikombe kinaletwa, mfiwa anakunywa mafunda mawili matatu, pumzi inashuka, ndipo anaelezwa yaliyobaki. Wazee walioweka desturi hiyo hawakuwa na maabara. Miaka hii maabara nazo zimeanza kuonyesha kwamba maji na mashaka vina uhusiano wa karibu ndani ya mwili, ingawa kikombe kimoja cha dharura si kitu kikubwa sana. Kinachohesabika zaidi ni kile ambacho mtu amekuwa akikunywa siku zote kabla taarifa mbaya haijamfikia.

Hapo ndipo ugumu unapoanza kwa familia nyingi za kata ya Mugoma, wilayani Ngara. Kama ilivyo katika sehemu kubwa ya wilaya hiyo ya Mkoa wa Kagera, inayopakana na Rwanda na Burundi, Mugoma ni nchi ya vilima: nyumba na migomba juu, maji bondeni. Kaya isiyo na bomba karibu hushuka na dumu tupu na kupanda nalo limejaa. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na kichwa kinacholibeba mara nyingi ni cha mama au binti. Kiangazi cha kuanzia Juni kikikolea, kila lita inapigiwa hesabu. Kuna ya kupikia, ya kuoshea vyombo, ya kumwogesha mtoto, ya mbuzi. Maji ya kunywa ya mama mwenyewe huwa ya mwisho katika hesabu hiyo, na siku nyingine hayamo kabisa.

Ndiyo maana ushauri wa "kunywa maji mengi upunguze mawazo", ambao husambazwa kwenye simu karibu kila wiki, unahitaji kusomwa upya ukifika Mugoma. Ushauri wenyewe si uongo. Ila umeandikwa kwa ajili ya mtu aliye hatua mbili kutoka kwenye bomba.

Homoni mbili zinazoshirikiana

Damu inapopungukiwa maji, ubongo hutoa homoni iitwayo vasopresini. Kazi yake inayojulikana zaidi ni kuziambia figo zibane maji, zisiyaachie yaende kwenye mkojo. Ndiyo sababu mkojo wa mtu asiyekunywa huwa mchache na wenye rangi nzito. Lakini homoni hiyo ina kazi ya pili isiyozungumzwa sana: huchochea pia ule mfumo wa ubongo unaoziamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga kotisoli, homoni ya dharura.

Kotisoli si adui. Ndiyo inayoamsha mwili asubuhi, na ndiyo inayoleta sukari ya haraka kwenye damu pale mtu anapokimbia nyoka au anapoitwa ghafla na mwalimu mkuu kuhusu mtoto wake. Shida ni pale inapobaki juu kwa wiki na miezi. Hali hiyo huhusishwa na usingizi mbovu, shinikizo la damu, kisukari na kinga dhaifu ya mwili.

Mwaka 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores nchini Uingereza, wakiongozwa na Profesa Neil Walsh, walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa vijana 32 wenye afya. Nusu yao walikuwa watu waliozoea kunywa kidogo, chini ya lita moja na nusu kwa siku. Nusu nyingine walikuwa wakitimiza kiwango kinachoshauriwa huko. Wote waliwekwa kwenye hali ya kuwatia wasiwasi kwa makusudi: kuzungumza mbele ya watu kana kwamba wanaomba kazi, kisha kufanya hesabu kwa kichwa huku wakitazamwa. Makundi yote mawili yalisema yamepata hofu, na mapigo ya moyo yalipanda kwa kiasi kinachofanana. Tofauti ilikuwa kwenye kotisoli. Ya wale waliozoea kunywa kidogo ilipanda kwa zaidi ya asilimia 50 kuliko ya wenzao.

Katika matokeo hayo kuna jambo moja linalostahili kusomwa mara mbili. Waliokunywa kidogo hawakujisikia kuwa na kiu kuliko wengine. Kilichowatambulisha ni rangi ya mkojo wao. Mwili unaweza kuzoea uhaba hadi ukaacha kulalamika, huku ndani ukiendelea kulipa gharama.

Watu 32 ni wachache, na hakuna hata mmoja wao aliyepanda kilima na dumu kichwani kabla ya kupimwa. Kwa hiyo haifai kutangaza kwamba maji yanatibu msongo wa mawazo. Jaribio hilo halikusema hivyo. Lilichosema ni kwamba mwili uliopungukiwa maji huenda ukalipokea pigo lile lile kwa kishindo kikubwa zaidi.

Matokeo mengine ya nyuma yanaelekea upande huo huo. Nchini Ufaransa, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, watu waliozoea kunywa maji mengi walipopunguziwa hadi lita moja kwa siku walipungukiwa utulivu na ridhiko, na waliozoea kunywa kidogo walipoongezewa walijisikia kuwa na uchovu mdogo. Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut walionyesha mwaka 2012 kwamba wanawake vijana waliopungukiwa maji kwa kiasi kidogo tu, kama asilimia 1.4 ya uzito wa mwili, waliumwa kichwa, umakini wao ulishuka na kazi ile ile ikaonekana ngumu kuliko kawaida. Kwa mama mwenye kilo 60 hiyo haifiki hata kilo moja ya maji, kiasi ambacho asubuhi moja ya kulima au kuchuma kahawa juani inaweza kukimaliza.

Sasa mfuate mama huyo nyumbani. Anarudi saa nane mchana, kichwa kinagonga, mtoto amemwaga unga, anamfokea kuliko kosa lenyewe. Baadaye anajilaumu. Anameza dawa ya maumivu kwa robo kikombe cha maji, maana ndoo inakaribia kuisha, na anaamini kwamba ni mawazo tu yanamsumbua: ada, deni la kikoba, mume aliyekwenda kutafuta kibarua na hajapiga simu. Mawazo hayo ni ya kweli na maji hayawezi kulipa deni la kikoba. Lakini sehemu ya maumivu yale ya kichwa, na sehemu ya ule ukali, huenda vilikuwa kiu tu. (Kichwa kikiuma pamoja na homa, safari ni ya zahanati kupima malaria, si ya mtungi.)

Maji yenyewe ni sehemu ya mawazo

Kwa wanaoishi mbali na bomba, maji hayawezi kutazamwa kama dawa ya mawazo bila kutazamwa pia kama chanzo chake. Mwaka 2019 watafiti wa nchi mbalimbali, akiwamo Sera Young wa Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, walichapisha dodoso la maswali 12 la kupima uhaba wa maji ndani ya kaya. Lilijaribiwa katika nchi nyingi, na Kisumu nchini Kenya na Singida hapa Tanzania ni miongoni mwa maeneo yaliyohusika. Maswali yake hayaishii kwenye ndoo na kilomita. Yanauliza ni mara ngapi katika wiki 4 zilizopita mtu nyumbani alikuwa na wasiwasi kwamba maji hayatatosha, alikasirika kwa sababu ya maji, alijisikia aibu, au alilala na kiu.

Kulala na kiu ni swali ambalo akina mama wengi hawajawahi kuulizwa kliniki. Wakiulizwa, wengine watacheka kwanza kabla ya kujibu.

Ngara ina historia yake katika jambo hili. Aprili 28 na 29 mwaka 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda ndani ya muda wa kama saa 24, wakakusanyika Benaco, ndani ya wilaya hiyo hiyo. Walikuwa wametembea kwa siku nyingi, wengine wakiwa wamepoteza ndugu, na kutafuta maji ya umati wa namna ile kukawa kazi ya usiku na mchana. Mafunzo ya dharura ya miaka ile katika Maziwa Makuu yalichangia kuzaliwa kwa viwango vya kimataifa vya misaada vinavyoitwa Sphere, vilivyoanza kuandaliwa mwaka 1997. Viwango hivyo vinataka mtu aliyekimbia vita apate angalau lita 15 kwa siku kwa matumizi yote ya nyumbani, na kati ya hizo lita 2.5 hadi 3 ni za kunywa na chakula. Kwa mwananchi wa kawaida wa kijijini, Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lita 25 kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani. Hiyo ni dumu moja na robo kwa kila kichwa. Kaya ya watu 6 ingehitaji madumu saba na nusu kila siku. Mama wa Mugoma anayeshuka bondeni anaweza kujipimia mwenyewe yuko wapi katika hesabu hiyo.

Nusu dumu

Hata hivyo, maji ya kunywa ni sehemu ndogo ya mzigo huo, na ndipo palipo na nafasi ya kufanya jambo leo bila kusubiri mradi. Chukua kaya yenye baba, mama anayenyonyesha, bibi na watoto 3 wanaosoma madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi. Kwa viwango vinavyotumika Ulaya, baba anahitaji vinywaji vya kama lita 2, bibi lita 1.6, mama kama lita 2.3 kwa sababu ya maziwa anayotoa, na kila mtoto lita moja na robo hivi. Jumla haifiki lita 10. Ni nusu dumu. Siku ya jembe na jua kali itaongezeka, na siku ya mvua itapungua.

Nusu dumu hiyo si lazima yote iwe maji matupu. Uji umo, chai imo, maziwa yamo, supu imo. Kahawa nayo imo, pamoja na sifa yake ya kumpeleka mtu chooni. Kwa mnywaji wa kawaida, maji anayoyapata kwenye kikombe ni mengi kuliko yale anayoyapoteza. Papai, nanasi na chungwa husaidia pia. Mtoto aliye chini ya miezi sita ndiye pekee asiyehesabiwa, kwa kuwa maziwa ya mama yanamtosha hata wakati wa joto na kumpa maji ni kumtafutia kuhara. Mgawo wake anakunywa mama.

Kinachobadilika ni mpangilio. Familia nyingi huchota, hutumia, kisha hunywa kilichobaki. Ukigeuza mpangilio, nusu ya dumu la kwanza la siku inakwenda kwenye chombo cha kunywa kabla sufuria haijaguswa, na mama anakunywa kikombe chake kabla hajashuka bondeni tena. Mtungi wa udongo wenye mfuniko bado ni chombo bora kwa kazi hii, kwa kuwa unapoza maji bila umeme. Kata ya kuchotea iwe na mpini mrefu ili vidole visiingie ndani.

Maji hayo lazima yawe salama, na hapa gharama inarudi kwa mlango wa nyuma, kwa sababu kuchemsha kunakula kuni. Kuchemsha mara moja jioni, maji yakatokota kwelikweli kisha yakafunikwa hadi asubuhi, kunaokoa kuni kuliko kuchemsha kidogo kidogo mchana kutwa. Dawa ya kutibu maji ya dukani inafaa ikifuatwa kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Njia nyingine, isiyohitaji kuni wala fedha, ni chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi lita 2, zikijazwa maji maangavu na kulazwa juu ya bati juani kwa saa 6. Anga likiwa na mawingu mengi ziachwe siku 2. Maji yenye tope yachujwe kwanza, la sivyo jua halifanyi kazi.

Upande wa mzigo wenyewe, baiskeli ya nyumbani inaweza kubeba madumu matatu au manne kwa safari moja. Katika nyumba nyingi baiskeli hiyo ni ya baba na huenda sokoni na kwenye rubisi. Hakuna sheria inayoizuia kushuka bondeni, wala hakuna baba atakayepungukiwa heshima kwa kuisukuma na madumu ya maji.

Rubisi inahitaji neno lake. Wanaume wengi wenye mawazo hawaendi kwa daktari, huenda kwenye pombe ya ndizi au gongo, na kwa saa mbili tatu mawazo hupungua kweli. Lakini pombe huizuia ile vasopresini isizibane figo, ndiyo maana mnywaji hutoka nje mara kwa mara na kupoteza maji mengi. Usiku usingizi unakatika, alfajiri mdomo umekauka na moyo unadunda, na yale mawazo yanamkuta mwili ukiwa mkavu. Anayeshindwa kuacha leo angalau anywe kikombe cha maji kati ya chupa na chupa, na kingine kabla ya kulala. Si tiba ya ulevi, ni kupunguza hasara.

Kuna kundi jingine linalojinyima kwa makusudi. Wanawake wanaouza sokoni, abiria wa mabasi ya safari ndefu, madereva wanaosubiri mpakani Kabanga na wasichana wa shule hukaa bila kunywa kwa sababu choo hakipo, kipo mbali, au ni kile ambacho mtu hawezi kukiingia mara mbili. Kumwambia msichana huyo anywe lita mbili ni kumtwisha mzigo mwingine. Kamati ya shule inayojenga choo chenye mlango na komeo inawapa wanafunzi maji bila kuchimba kisima. Wakati choo kinasubiriwa, anaweza kunywa vikombe viwili asubuhi mapema akiwa bado nyumbani, na kufidia akirudi.

Kwa wazee hali ni tofauti kidogo, kwani hisia ya kiu hupungua umri ukienda. Bibi akisema hana kiu anasema kweli, na bado anaweza kuwa amepungukiwa. Apelekewe kikombe bila kusubiri aombe. Kwa watu wazima wengine ndani ya nyumba, "Una nini siku hizi?" ni swali ambalo mara nyingi hujibiwa kwa kimya. Mama mkwe akimuuliza mkaza mwana, "Mwanangu, umekunywa nini tangu asubuhi?" atajibiwa, na huenda hapo hapo likafunguka na lile jingine.

Mkojo ndio kipimo cha bure. Rangi ya njano hafifu inaonyesha hali ni nzuri, na rangi iliyokolea kama chai ya rangi inadai maji. Wapo ambao kipimo hiki huwadanganya: dawa za kifua kikuu hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, na baadhi ya vitamini huufanya kuwa njano kali. Mkojo mweusi kama kahawa pamoja na homa au macho kuwa ya njano haungoji maji, ni wa kuwahishwa hospitali.

Vivyo hivyo kwa mtu ambaye kwa wiki mbili mfululizo halali, hali, halii tena wala hacheki, au ameanza kusema kwamba ni heri afe. Hiyo inaweza kuwa sonona, na maji hayataiondoa. Asiachwe peke yake, na ndugu amsindikize siku hiyo hiyo hadi zahanati au kituo cha afya, kutoka hapo anaweza kupewa rufaa.

Wenye ugonjwa wa moyo uliofikia hatua ya kuvimba miguu, na wenye figo zilizochoka, hawahusiki na nusu dumu. Kwao maji ya ziada yanaweza kujaa mwilini na kuwaletea shida ya kupumua. Wanaotumia vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo nao wasijiamulie, iwe kuzidisha au kupunguza. Siku ya kliniki mgonjwa wa namna hiyo achukue kikombe anachokitumia nyumbani, amwonyeshe daktari, na aulize ni vingapi kwa siku.